Mama Mkwe Alikohoa Langoni

Tarehe 14 Septemba 1976, siku ya Jumanne, tulimpoteza mama mkwe wangu. Alifia katika nyumba ya wazee iliyo juu ya Kangemi, ukielekea Kabete. Nyumba hiyo aliikagua kwa miaka mingi kwa niaba ya kina mama wa kanisa, na mimi nilikuwa mhudumu humo. Tulimpeleka Maragoli kwa basi, jeneza likiwa limefungwa juu kwenye keria, tukamzika Jumamosi wakati wa mvua.

Baada ya maziko, watu walipokuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa wakingoja chai, kaka yake mkubwa aliniita kwa sauti.

"Wewe ndiye ulikuwa unafanya kazi pale. Tuambie. Dada yangu alitunzwa vizuri?"

Niliinamisha kichwa. Kisha mwanamke mmoja akasema, "Mwacheni. Huyo ni mkwe, ana haya," na wengine wakaitikia, "Kweli, ana haya." Chai ikaletwa. Swali likapita hivyo, na hakuna aliyeniuliza tena mpaka leo.

Ninaandika kwa sababu ya swali hilo. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na sina maneno mengi. Lakini kujibu swali la namna hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya marehemu, na nadhani yeye asingekubali jibu la kuinamisha kichwa.

Kwanza nieleze jambo moja, maana si kila msomaji anatoka kwetu. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mikono. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kando mpaka mwenzake apite. Si uadui. Ni heshima kubwa kuliko zote tunazofunzwa, na jina lake ni haya. Sasa fikiria mtu huyo ndiye apewe kazi ya kukagua kazi yako.

Alikuwa mrefu, na alivaa viatu vyeusi vya kiume kwa sababu, alisema, viatu vya kike vilitengenezewa watu wasio na safari. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheupe siku zote. Kabla ya kupewa kazi hiyo ya ukaguzi alikuwa amefanya kazi ya usafi katika wodi za hospitali, halafu akamtunza bibi mmoja mzee wa Kizungu huko Westlands mpaka bibi huyo akafa. Kanisa lilipoanza kuisaidia ile nyumba ya wazee kwa blanketi na unga, kina mama walitaka mtu wa kwenda kuona kama msaada unafika. Walimchagua yeye. Hakuna aliyekumbuka, au labda hakuna aliyejali, kwamba mkwewe alikuwa ameajiriwa humo.

Wakaguzi wengine walikuja pia. Walikuja watu wa ofisi kutoka mjini, wamevaa tai. Walitazama sakafu, wakatazama choo, wakanywa chai kwa msimamizi, wakaondoka. Mama mkwe hakutazama sakafu. Aliingia chumbani, akatafuta kitanda ambacho mwenyewe ametoka kwenda kuota jua, akavua viatu, akapanda, akalala chali na mkoba wake juu ya kifua. Alikaa hivyo kimya, macho wazi, muda mrefu hata wazee wakaanza kunong'ona. Mara ya kwanza mzee mmoja wa Murang'a aliporudi akamkuta kwenye kitanda chake, alisema, "Mama, kama umechoka ungeniambia nikuachie na chai." Yeye hakuinuka. Alimjibu, "Mzee, kwani huku juu kuna nini kinachodondoka?" Paa lilikuwa linavuja matone juu ya mto wa yule mzee, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua, kwa sababu hatukuwahi kulala pale.

Akimaliza kulala aliuliza maswali. Hakuwauliza wazee kama wanatunzwa vizuri. Alisema mtu anayelishwa na mwingine hawezi kumsema vibaya aliyeshika kijiko. Aliuliza, "Nani anakulisha?" Mzee akitaja jina, aliridhika. Mzee akisema "yule kijana" au "hao watu," aliuma midomo.

Wengi walitaja jina langu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nimeamua kuandika yote, na hilo pia ni sehemu yake.

Mazungumzo yetu yalipitia kwa mpishi. Mpishi alikuwa mama wa Kabete tuliyemwita Mama Njeri, mnene, mwepesi wa kucheka. Mama mkwe hakutaja jina langu hata siku moja. Aliniita mtu fulani.

"Mama Njeri," anasema, na mimi nimesimama nje ya mlango nikitazama bustani, "hebu muulize mtu fulani huyu mzee alinyolewa lini."

"Si yeye huyo hapo mlangoni? Muulize wewe."

"Nimekuomba wewe."

"Haya. Mtu fulani, mzee alinyolewa lini?"

"Mwambie Jumamosi."

"Anasema Jumamosi."

"Mwambie wembe wake ni butu. Shingo ya mzee imekwaruzwa."

"Anasema wembe wako ni butu. Ngai! Nyinyi watu wa magharibi! Siku nyumba hii itashika moto mtaungua wote wawili mkingoja mimi nitoke jikoni nije niwaambie."

Nilimsikia mama mkwe akichekea puani. Alipenda kutaniwa na Mama Njeri. Mimi sikucheka, maana kucheka pamoja naye pia kulikuwa mwiko.

Kulikuwa na Jumamosi moja nilikwenda Kenyatta Market na rafiki zangu wawili kula nyama. Nimeshika ubavu wa mbuzi, nikainua macho, nikamwona ng'ambo, amekaa na kina mama wenzake wa kanisa, mfupa mkononi, mafuta yakimtiririka kidevuni. Tuliinuka pamoja. Yeye alikimbilia ndani ya kibanda cha wasusi, mimi nikajificha nyuma ya gunia za makaa. Rafiki zangu waliimaliza nyama yangu wakicheka mpaka machozi. Ziara yake iliyofuata alisema, "Mama Njeri, mwambie mtu fulani kwamba nyama yake niliiona ikiliwa na watu wasio na haya." Nadhani huo ndio ulikuwa mzaha wake wa kwanza kwangu. Niliubeba siku nyingi kama mtu aliyepewa zawadi.

Asidhani mtu kwamba alikuwa hakosei. Kulikuwa na bibi mmoja wa Limuru, mzee sana, aliyejipaka mafuta ya mbarika kichwani na mwilini kama walivyofanya zamani kwao. Mama mkwe aliinamia kitanda chake, akanusa, akakasirika. "Huyu hajaogeshwa tangu lini? Ananuka kama taa." Tukaagizwa tumsugue kwa sabuni ya kufulia na maji moto, na Felista, mhudumu wa kike, akamsugua mpaka ngozi ikang'aa. Yule bibi alilia siku nzima bila sauti. Hakula. Mama Njeri ndiye aliyemweleza mama mkwe, tena kwa hasira, kwamba ule haukuwa uchafu. Yale mafuta bibi alitumiwa na binti yake, na ndiyo yaliyokuwa yamebaki kati yao.

Mama mkwe hakusema samahani. Sikumsikia akisema neno hilo kwa mtu yeyote. Wiki iliyofuata alikuja na chupa ya mafuta ya mbarika, akaketi ukingoni mwa kitanda, akakiweka kichwa cha yule bibi mapajani, akampaka polepole, nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya shingo, mpaka bibi akalala. Mwenyewe akabaki ameketi vile vile, hataki kumwamsha, hata Mama Njeri akamletea chai pale pale.

Alikuwa mkali kuhusu usafi, lakini alinusa ugoro, na vidole vyake viwili vilikuwa vya kahawia. Aliingia kila chumba cha nyumba ile bila hodi, lakini chumba chake cha Kangemi hakuna aliyekijua ndani. Hata Rasoa, mke wangu, akitoka Maragoli kuja kututembelea, alisalimiwa mlangoni kwanza, kiti kikatolewa nje. Na alilalamika kwa kina mama wa kanisa kwamba nyumba za wazee ni aibu kwa nchi mpya, kwamba mtu mwenye watoto hafai kuzeekea kwa wageni. Halafu Alhamisi anapanda kilima kuja kugombania mito ya wageni hao.

Alikuja Alhamisi moja, nyingine haji, wakati mwingine mbili mfululizo. Alifanya hivyo makusudi ili tusijue. Alijivunia jambo hilo. Alimwambia msimamizi mbele yetu, "Mimi siji kwa barua. Mimi nakuja kama mvua."

Hapa ndipo penye aibu yangu, na nitaieleza taratibu.

Alipofika langoni alikohoa. Kikohozi kikubwa, cha mara tatu, kama cha mtu aliyemeza vumbi. Hakuwa mgonjwa. Alikohoa kwa ajili yangu, ili nisije nikakutana naye uso kwa uso kwenye baraza, nipate nafasi ya kutoka kwa mlango wa jikoni. Ndivyo mama mkwe mwenye adabu anavyofanya akikaribia mahali ambapo mkwe wake anaweza kuwa. Hakukosa hata mara moja. Hata kwenye matope, hata akiwa na homa.

Na sisi wote tulikisikia. Kutoka langoni mpaka baraza palikuwa na mwinuko, naye hakuwa mwepesi. Katika nafasi hiyo Felista alikimbia stoo akatoa blanketi nzuri, zile za kanisa, akazitandaza juu ya zile mbovu. Msimamizi alifungua madirisha. Mzee aliyekuwa ameachwa kwenye shuka lililolowa alibadilishwa haraka, na aliyekuwa amelalia ubavu mmoja tangu asubuhi akageuzwa. Na mimi, kabla ya kutoka kwa mlango wa jikoni kwa heshima zote, nilisaidia. Tulikuwa wahudumu wawili kwa nyumba nzima, kazi ilikuwa kubwa kuliko mikono, na tulijiambia kwamba hatudanganyi mtu, tunafanya tu mapema kile ambacho tungefanya baadaye. Akishaondoka, blanketi zilirudishwa stoo zisichakae.

Alikwenda kanisani akatoa taarifa kwamba nyumba ni nzuri, ina upungufu wa hapa na pale. Watu walimwamini kwa sababu alikuwa mkali. Wengine waliwaleta wazazi wao kwa neno lake.

Ningeweza kumwambia. Si mimi mwenyewe, lakini Mama Njeri angemfikishia. Nilifikiri mara nyingi nitume maneno: mwambie mama asikohoe. Lakini mkwe anawezaje kumwambia mama mkwe aache kumheshimu? Nilijificha humo. Ni mahali pazuri pa kujificha, hakuna anayekufuata.

Mwaka huo wa 1976, mwezi wa Julai, alianguka chumbani kwake. Upande wa kulia ukapooza. Maneno yalibaki, mazito kidogo. Kanisa lilimleta kwetu, na kina mama walifurahi kwa ajili yake, wakasema amefika mahali anapopajua. Aliwekwa chumba cha wanawake, kitanda cha dirishani. Rasoa alikuja akakaa naye majuma mawili, halafu akarudi kwa watoto na mahindi yaliyokuwa yanaoza shambani.

Tangu siku aliyoletwa sikuingia chumba cha wanawake. Nisingeweza. Nilimwomba msimamizi nibaki upande wa wanaume, akakubali, akasema mila ni mila. Sikufikiria kwamba kwa kufanya hivyo niliwaachia wanawake wote mikono miwili ya Felista peke yake. Au nilifikiria. Nilisikia Felista akihema usiku akiwainua, nikabaki nilipokuwa.

Mama Njeri alinisimulia kwamba majuma ya kwanza mama mkwe alikaa kimya sana, akisikiliza. Blanketi nzuri hazikutoka. Hakuna aliyekimbia. Jioni moja alimwambia, "Mama Njeri, kumbe mimi nilikuwa nawapigia kengele." Mama Njeri akajifanya hajaelewa. "Nilikuwa nakohoa," akasema. "Nyinyi mkitandika."

"Na wewe ulimjibu nini?" nilimuuliza.

"Ningemjibu nini? Nilimwambia uji unapoa."

Mwanzo wa Septemba Felista alipata habari za msiba kwao Machakos, akaondoka. Msimamizi aliahidi kutafuta mtu wa muda, akashuka mjini, hakurudi na mtu. Nilikwenda posta nikampelekea Rasoa telegramu. Alifika Ijumaa asubuhi, akamshika mama yake mpaka mwisho, na mimi nikarudi upande wangu; sikumwona wala kumsikia tena akiwa hai. Kwa hiyo lililobaki kusimulia ni Alhamisi, siku moja kabla Rasoa hajafika.

Mchana Mama Njeri alitoka chumba cha wanawake akaja barazani nilipokuwa nikimkata mzee kucha. Hakuwa na utani.

"Amelowa tangu asubuhi. Mimi mgongo wangu hauwezi kumwinua, nimejaribu. Wengine nimewafanyia nilivyoweza. Yeye ni mzito, na ule upande hausaidii."

"Rasoa anakuja."

"Anakuja kesho."

Nilisimama. Nikatembea mpaka nje ya dirisha lake, nikageukia bustani kama nilivyozoea. Alijua niko pale. Alisikia viatu vyangu.

"Mama Njeri," alisema ndani, "mwambie mtu fulani achemshe maji."

"Amesikia."

"Mwambie ayalete."

"Ayalete mpaka mlangoni?"

"Maji yatajiingiza yenyewe?"

Nilichemsha maji. Nilikuwa nimewaosha wazee wengi, wanaume kwa wanawake, sikuona kitu. Mwili wa mzee ni mwili. Lakini nilipofika kwenye kizingiti kile miguu ilikataa. Mama Njeri alinivuta kwa mkono wa shati. Mama mkwe alikuwa amemwomba amfunike uso kwa leso, na leso ilikuwa imefunika mpaka kidevuni. Kitambaa chake cheupe kilikuwa kimekunjwa juu ya mto. Nywele zake zilikuwa chache, za mvi. Sikuwahi kuziona.

Nilimwosha. Nitasema hivyo tu. Mama Njeri alikuwa akipokea na kutoa vitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa haongei. Nilitazama ukutani kadiri nilivyoweza, lakini kazi ile haifanyiki kwa kutazama ukutani. Nilipomlaza ubavu ili nimfute mgongo, nilikiona. Juu ya mfupa wa nyonga, ngozi ilikuwa imefunguka. Kilikuwa kidonda cha mtu asiyegeuzwa. Hakikuwa cha jana.

Mikono yangu ilisimama, na nadhani alisikia imesimama.

"Mama Njeri," alisema chini ya leso, "muulize kama kuna kidonda."

Mama Njeri alinitazama. Alikuwa amekiona. Alitikisa kichwa polepole, akiniomba niseme hapana.

"Anasema..." akaanza.

"Sijasikia sauti yake."

Bibi wa kitanda cha pili aligeuza uso wake kwingine.

"Kipo, mama," nilisema.

Leso ilipanda na kushuka kwa pumzi yake.

"Kikubwa?"

"Kama kiganja cha mtoto."

"Kinanuka?"

"Kidogo."

"Kina siku?"

"Kina siku, mama."

Nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikakifunika kwa kitambaa safi, nikabadilisha shuka chini yake nusu kwa nusu. Nilifikiri amelala. Mama Njeri alichukua beseni akatoka kumwaga maji, nikabaki peke yangu mle ndani na mama wa mke wangu, jambo ambalo halifai, na nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Wewe," alisema.

Nikasimama.

"Nigeuze. Upande wa dirisha nimelalia sana."

Nilirudi. Nikapitisha mkono mmoja chini ya bega lake na mwingine chini ya nyonga, mbali na kidonda, nikamgeuza.